Agano la Kale na Maneno ya Mkristo

Katika makanisa mengi, hata yale yasomayo Agano la Kale kila Jumapili, yamekwisha kutia mizizi maoni kwamba sehemu hiyo ya Biblia ni utangulizi tu: ilimtangaza Kristo atakayekuja, naye alipokuja kazi yake ikaisha. Watu huchukua humo hadithi za kuwafundishia watoto, Zaburi chache za kuwafariji wafiwa, na aya za kuthibitisha unabii, yaliyosalia huachwa. Nia ya makala haya ni kuyapima maoni hayo kwa mizani ya lugha. Naona kwamba Mkristo aliyeliacha Agano la Kale hupoteza maana ya maneno yake mwenyewe, ijapokuwa bado ayatamka.

Maoni hayo si mapya. Marcion, aliyetengwa na kanisa la Rumi mwaka 144, alifundisha kwamba Mungu wa Waebrania siye Baba yake Yesu. Lakini na tuitazame gharama ya mafundisho yake. Alibakiwa na Injili moja tu, namna ya Injili ya Luka iliyopunguzwa, pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Ilimbidi kukata hata katika hayo machache, kwa sababu Uebrania umefumwa ndani yake kama uzi katika nguo. Mwaka 1921 mwanachuoni Adolf von Harnack, katika kitabu alichoandika juu ya Marcion, alishauri kwamba Waprotestanti wasilihesabu tena Agano la Kale kuwa Maandiko yenye amri juu ya kanisa. Miaka kumi na miwili baadaye, mnamo Novemba 1933, katika mkutano mkubwa wa Wakristo waliokuwa upande wa Hitler huko Berlin, msemaji alidai waziwazi kanisa lifunguliwe kutoka kitabu hicho cha Wayahudi. Harnack alikuwa amekwisha kufa mwaka 1930, wala haifai kumtwika mambo ya mkutano ule. Hata hivyo twaona kwamba kukidharau kitabu na kuwadharau wenye kitabu si mambo yaliyo mbalimbali sana.

Hoja inayorudiwa mara nyingi ni kwamba Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira, na wa Agano Jipya ni wa upendo. Hoja hii yaanguka mara mtu afunguapo Mambo ya Walawi, mlango wa 19. Humo ndimo ilimo amri ya kumpenda jirani, nayo yafuatwa katika mlango uo huo na amri ya kumpenda mgeni akaaye kati ya watu. Yesu hakuitunga amri ya kwanza, aliinukuu.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi imo katika maneno. Na tutwae neno moja, sadaka. Limetujia kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu ya neno la Kiebrania tsedaqah, ambalo katika vinywa vya manabii maana yake ni haki. Biblia ya mwaka 1952, inayoitwa Union Version, hutumia neno haki pale Amosi anapolitaja neno hilo katika mlango wa 5. Humo Mungu azikataa sikukuu na nyimbo za watu wake, ataka badala yake haki itiririke kama maji. Kwa hiyo neno ambalo kwetu hutaja kitu kitiwacho katika kikapu cha kanisa lina ndugu yake katika kinywa cha nabii aliyewakemea watoaji.

Hapa yafaa tujihadhari. James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya maana za maneno ya Biblia, alionyesha kwamba shina la neno silo maana yake. Maana hutokana na matumizi. Sadaka kwa Kiswahili haina maana ya haki kwa sababu tu ya undugu wa Kiarabu na Kiebrania. Wala dawa si kuyaondoa maneno ya Kiarabu. Karl Roehl alijaribu kuyapunguza katika Biblia yake ya mwaka 1937, makuhani wakawa watambikaji, na manabii wakawa wafumbuaji. Nia yake ilikuwa njema, kwamba watu wa bara waelewe, na neno tambiko kwa hakika lina uzito wake kwao. Lakini tambiko nalo halimfundishi mtu alichokitaka Amosi. Neno la pwani na neno la bara yote mawili hungoja kufundishwa na Maandiko yenyewe.

Mfano umo katika Mathayo, mlango wa 6. Katika nakala za Kiyunani zilizo bora, aya ya kwanza yataja haki, na aya ya pili yataja sadaka. Msomaji asiyejua Agano la Kale huona kwamba mafundisho yameruka. Lakini wafasiri wa kale waliolitia Agano la Kale katika Kiyunani walikuwa wamekwisha kulifasiri neno tsedaqah mara nyingine kwa neno la haki, mara nyingine kwa neno la sadaka. Ajuaye hayo haoni mruko wo wote: kumpa maskini ni sehemu ya kumtendea haki, wala si ukarimu wa kujivunia.

Hapana budi kukiri kwamba zimo pia kurasa za kutisha: vita vya Yoshua, na mwisho wa Zaburi ya 137. Lakini Agano la Kale lina sauti zaidi ya moja, nazo hukosoana. Katika 2 Wafalme, mlango wa 10, Yehu asifiwa kwa kuiangamiza nyumba ya Ahabu. Katika mlango wa kwanza wa Hosea, damu iliyomwagwa Yezreeli yadaiwa juu ya nyumba ya Yehu huyo huyo. Kitabu kiwezacho kuyakemea hata yale kilichoyasifu chafaa sana kwa kanisa, ambalo mara nyingi hupenda kusifiwa tu.

Basi Wakristo wasome Agano la Kale kama wageni waliokaribishwa, wakikumbuka kwamba Wayahudi walilisoma kabla yao na hulisoma hata leo kuwa Maandiko yao. Nao wafasiri wetu wasiridhike na neno lililozoeleka mpaka wamelipima kwa manabii. Kanisa likusanyapo sadaka bila kumsikia Amosi, limebakiwa na sauti ya neno, na haki iliyokuwamo imekwisha kutoka.