Ngozi ya Ororo: Mtia Rangi katika Usomaji wa Turkana

Wahakiki wa vibonzo huwataja mwandishi na mchoraji, na kumsahau mtia rangi. Katika *Giant-Size X-Men* (1975), Len Wein na Dave Cockrum walimsawiri Ororo, yaani Storm, akiita mvua nchini Kenya; ngozi yake, hata hivyo, ni kazi ya Glynis Wein. Hudhurungi ile ni vitone vya manjano, vyekundu na vya buluu vilivyopishana. Weupe wa nywele ni karatasi tupu. Ustadi huo haupingiki. Lakini uchapaji wa wakati ule uliruhusu rangi 64 hivi, hudhurungi zikiwa chache mno: ngozi na ardhi kavu zaweza kuchovywa chungu kimoja. Mfugaji wa Lodwar au Kakuma, ambaye Kiturkana chake kina majina tele ya rangi na mabaka ya mifugo, ataiona kasoro hiyo kabla hajaifikia mvua.