Ufundi wa Kushuka

Mbio za vilima, yaani mbio zinazopita kwenye vijia vya miguu, juu ya udongo, mawe na mizizi badala ya lami au uwanja uliochorwa mistari, hupimwa kwa vipimo viwili visivyotengana. Cha kwanza ni umbali, kama ilivyo katika mbio nyingine zote. Cha pili ni kimo cha kupanda, yaani jumla ya mita zote alizopanda mkimbiaji tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama baada ya kila kilima alishuka tena bondeni na kuanza upya. Mtu anayejiandaa kwa mara ya kwanza huuliza kipimo cha kwanza tu, na akijibiwa kuwa njia ni ya kilomita 20 huwaza kilomita 20 za barabarani, ndiyo maana wengi wa namna hiyo huonekana wamekaa chini pembeni mwa njia kabla jua halijafika utosini. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitunga kanuni ambayo watembeaji wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano hivi za njia, kisha saa nyingine kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Kwa hesabu hiyo, njia ya kilomita 20 yenye mita 1,200 za kupanda humgharimu mtembeaji saa sita, na theluthi nzima ya muda huo imeliwa na mwinuko peke yake. Katika kanuni hiyo Naismith hakuweka chochote kwa ajili ya kushuka, ingawa kwa mkimbiaji, tofauti na mtembeaji, sehemu kubwa ya ufundi imo huko huko.

Nchi inayozunguka Bambu, mji wa machimbo ulioko kaskazini ya Bunia katika teritwari ya Djugu, mkoani Ituri, nchini Kongo, ni mahali ambapo jambo hili halihitaji kuelezwa kwa muda mrefu, kwa kuwa huko karibu kila safari ni ya kupanda na kushuka. Mwaka 1903 dhahabu ilipatikana katika eneo la Kilo, si mbali na hapo, na katika miaka iliyofuata utawala wa Kibelgiji na kampuni zake ulijenga migodi, nyumba za wafanyakazi, hospitali na ofisi, hata Bambu ikawa makao ya usimamizi wa migodi ya Kilo. Barabara zilizochongwa kwa ajili ya magari ya kampuni huzunguka vilima ili injini isichoke. Kijia cha miguu hakina subira hiyo, nacho hukata kilima moja kwa moja, huteremka hadi kijitoni, huvuka juu ya magogo mawili na kupanda upande wa pili kwa ukali ule ule. Udongo ni mwekundu na wenye chembe za chuma: wakati wa kiangazi huvunjika kuwa changarawe inayoviringika chini ya kisigino, na mvua inyeshapo hugeuka utelezi ambao hata mabuti ya wachimbaji hayauwezi. Pembeni mwa vijia kuna mashimo ya dhahabu, mengine yameachwa zamani na kujaa maji, kwa hiyo anayekimbia katika nchi hiyo hana ruhusa ya kuinua macho na kutazama mandhari kwa muda mrefu.

Vijia hivyo vilitengenezwa na miguu ya watu wenye mizigo. Kabla magari hayajafika, vyakula na vifaa vya migodi vilisafirishwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao wakiwa wameshurutishwa, na historia ya usafiri katika sehemu hizo isingekamilika pasipo wao. Hadi leo wanawake hupita hapo na mihogo, kuni na madumu ya maji, mzigo ukiwa mgongoni na ukanda wake ukiwa umekaa kwenye paji la uso. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy na wenzake waliopima matumizi ya oksijeni ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya walipokuwa wakitembea na mizigo, ukaonyesha kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Vipimo hivyo vilifanyika kwenye mashine tambarare, wala haifai kuvipeleka mlimani kama vilivyo. Hata hivyo vinathibitisha jambo ambalo waandishi wa vitabu vya mazoezi hulisahau, kwamba mwendo wenyewe ni elimu, na kwamba mwili uliofunzwa tangu utoto unajua kuokoa nguvu ambazo mwili mwingine, hata ukiwa na mapafu makubwa zaidi, unazimwaga njiani. Anayemtazama mama anayeteremka na mzigo kuelekea kijitoni ataona hatua fupi, magoti yaliyolegea kidogo, wayo unaotua wote pamoja badala ya kisigino kutangulia, na kichwa kisichotikisika. Hayo karibu yote ndiyo ambayo walimu wa mbio za vilima barani Ulaya huwafundisha wanafunzi wao kwa malipo.

Kupanda, kwa upande wake, ni kazi ya kujizuia. Mwaka 2002 Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji hodari wa milimani waliowekwa kwenye mashine yenye mwinuko unaobadilishwa, wakaona kwamba kukimbia kwenye mwinuko wa asilimia 45, yaani kupanda mita 45 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, hutumia nguvu zaidi ya mara tano ya zile zinazotumika kwenye tambarare kwa kila mita ya njia. Lililo muhimu zaidi kwa mgeni wa mbio hizi ni kwamba kadiri mwinuko unavyozidi kuwa mkali, tofauti kati ya gharama ya kukimbia na gharama ya kutembea hupungua hata karibu kutoweka. Kwa maneno mengine, anayeng’ang’ania kukimbia kwenye kilima kikali, mapigo ya moyo yakimgonga masikioni, hapati faida kubwa kuliko jirani yake anayetembea kwa hatua ndefu huku mikono ikisukuma mapaja. Wapo wanaoona aibu kutembea wakiwa na namba kifuani, hasa pale watazamaji walipojipanga. Aibu hiyo haina msingi, kwa kuwa hata mabingwa hutembea kilima kinapokuwa kikali vya kutosha. Kipimo kinachofaa ni pumzi: mkimbiaji ambaye hawezi tena kutamka sentensi fupi bila kukatika ameshavuka mpaka, na deni hilo atalilipa baadaye akiwa anashuka.

Kushuka ndiko kunakodanganya. Moyo hutulia, pumzi hurudi, kasi huja bila kuombwa, na mgeni hudhani kwamba amefika kwenye mapumziko. Vipimo vya Minetti vinampa haki kiasi fulani, kwa kuwa vilionyesha kwamba gharama ya kukimbia huwa ndogo kabisa kwenye mteremko wa asilimia 20 hivi, kisha mteremko ukizidi hapo gharama huanza kupanda tena. Lakini nguvu anazotumia mtu ni jambo moja, na uharibifu anaoupata ni jambo jingine. Wakati wa kupanda, misuli mikubwa ya mbele ya paja hufanya kazi kwa kujikunja na kuusukuma mwili juu. Wakati wa kushuka, misuli hiyo hiyo hufanya kazi huku ikirefushwa kwa nguvu, ikizuia uzito usiporomoke, sawa na kijana anayeteremsha baiskeli iliyosheheni magunia, ambaye haisukumi tena bali ameegemea nyuma na kuishika isimkimbie. Kazi ya namna hiyo haichoshi mapafu, ila huchana nyuzi ndogo ndogo za msuli, na madhara yake hayahisiwi papo hapo. Yanajitokeza kwenye kilima cha mwisho, pale mkimbiaji anapoagiza mguu upande nao ukamjibu kwa kutetemeka.

Ufundi wa kushuka, basi, unapinga silika ya mwili karibu katika kila kipengele. Silika humwambia mtu aegemee nyuma na kukaza magoti. Kwa kufanya hivyo kisigino hutangulia mbali mbele ya mwili, kikawa breki katika kila hatua, na kwenye udongo wa Bambu uliolowa huteleza kwanza kabla ya kushika. Fundi huinama mbele kidogo kutoka kwenye vifundo, akafupisha hatua na kuziongeza idadi, ili kila mguu ukae chini kwa muda mfupi na kubeba sehemu ndogo tu ya uzito. Hatua moja ikiteleza, nyingine imeshafika. Mikono huinuliwa na kupanuliwa pembeni ili kusawazisha mwili, jambo ambalo mgeni huliona kuwa la kuchekesha mpaka siku atakapolihitaji. Macho hayatazami miguu, bali hatua kadhaa mbele, kwa sababu mguu unaotua sasa ulishachaguliwa zamani na hauwezi tena kusaidiwa. Katika uteuzi huo wa mahali pa kukanyaga, unaofanywa mara nyingi kwa dakika na bila kufikiri, ndimo mnamokaa uzuri wa mchezo huu. Barabarani mkimbiaji anaweza kuiacha akili izurure, jambo ambalo kijia hakimpi. Methali ya kwamba mpanda ngazi hushuka kwa kawaida hutumiwa kuwaonya wenye kiburi, lakini mtu angeweza kuiandika kwa maana yake ya wazi kabisa kwenye tangazo la mbio zozote za vilima.

Kwamba watu wa Afrika Mashariki wanaweza kuutawala ufundi huu si jambo la kukisia. Kwa miaka mingi mashindano ya dunia ya mbio za milimani yalipokezana aina mbili za njia, mwaka mmoja ya kupanda tu na mwaka unaofuata ya kupanda na kushuka, utaratibu uliowalazimisha wakimbiaji kuonyesha kila upande wa uwezo wao. Mkenya Lucy Wambui Murigi alishinda huko Premana, Italia, mwaka 2017, kisha akashinda tena huko Canillo, Andorra, mwaka 2018, yaani katika aina zote mbili. Upande wa wanaume, mshindi wa Premana alikuwa Victor Kiplangat wa Uganda, aliyekuwa na umri wa miaka 17. Miaka sita baadaye, mjini Budapest, kijana huyo aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon akawa bingwa wa dunia wa maratoni, mbio za barabarani kabisa. Mganda mwenzake Rebecca Cheptegei, ambaye kifo chake cha Septemba 2024 kutokana na ukatili wa mtu aliyekuwa mwenzi wake kiliwahuzunisha wengi, alipata dhahabu ya kupanda na kushuka huko Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022. Vilima vya Elgon na vilima vya Djugu havifanani katika kila jambo, lakini mtoto anayeteremka kwenda shule na kurudi akipanda anajifunza somo lile lile pande zote mbili za Ziwa Albert.

Tofauti iko kwingine, na insha ya kusifu ufundi huu isiyoitaja ingekuwa na walakini. Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kamanda wa wanamgambo Bosco Ntaganda kwa makosa yaliyojumuisha mashambulizi ya mwanzoni mwa 2003 dhidi ya Lipri, Kobu, Bambu na vijiji vya jirani, ambako watu walikimbilia vilimani na msituni ili kuokoa maisha yao. Machafuko yalirudi Djugu tangu mwishoni mwa 2017, na tangu Mei 2021 mkoa wa Ituri umewekwa chini ya utawala wa kijeshi unaoitwa hali ya kuzingirwa. Wakazi wengi wa sehemu hizo wanaijua mbio ya vilimani kwa namna ambayo hakuna mwanamichezo angetamani kuijua, tena wakiwa na mtoto mgongoni. Kwa sababu hiyo mtu wa Bambu anayefanya mazoezi huuliza kwanza ni kijia gani kinapitika wiki hii, kisha ndipo aulize kimo chake, na mbio zilizoandaliwa vizuri, zenye njia iliyokaguliwa, watu waliowekwa kwenye kila njia panda na orodha inayohesabiwa mpaka wa mwisho arudi, zina thamani huko kuliko zilivyo mahali ambapo usalama haufikiriwi hata kidogo. Kukimbia kwa hiari katika njia hizo ni aina ya umiliki, na hakuna sababu ya kuuonea haya.

Mambo mengine ya maandalizi ni mepesi na yanaweza kupitwa haraka: maji na chumvi kidogo, ndizi mbivu au karanga zilizozoeleka tumboni, viatu vyenye meno vilivyokwisha kuvaliwa, na mwanzo wa polepole kuliko moyo unavyotaka. La mteremko pekee ndilo linalodai muda. Maumivu ya mapaja baada ya mbio za kwanza hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu, kiasi kwamba mtu huteremka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, lakini wataalamu wa misuli wamethibitisha kwamba pigo moja la namna hiyo huukinga msuli kwa majuma kadhaa dhidi ya pigo linalofuata, hata likiwa kubwa zaidi. Mgeni mwenye busara hulichukua pigo hilo mapema, majuma mawili au matatu kabla ya siku yenyewe: huchagua kilima kimoja kirefu, hukipanda kwa kutembea bila haraka, hukishuka akikimbia mara tatu au nne, kisha huwaacha jamaa zake wamcheke wanapomwona akishika ukuta ili akae kwenye kiti.