Vijiti Vinne, Mwendo wa Kobe

Nyuma ya jiko la mama yangu, bondeni, mwendo wa bodaboda kutoka Soni, kuna jiwe. Si kubwa, watu wawili hukaa kwa kubanana. Miaka yote, ukitaka kupiga simu ya maana unapanda juu yake, na ukikuta mtu kakutangulia unasubiri zamu. Vijiji vingi vya milima ya Usambara vina jiwe la namna hii, au mti, au kona ya barabara, na jina lake ni moja kila mahali. "Yuko wapi?" "Kaenda kwenye mtandao."

Mdogo wangu alipoanza kusoma masomo ya chuo kwa intaneti akiwa nyumbani, jiwe halikutosha tena. Simu yake ilionyesha vijiti vinne na alama ya 4G, lakini video ya somo ilizunguka mpaka naye akazunguka. Kila tuliyemuuliza alijibu vilevile: mnara uko mbali. Mimi si fundi wa mitambo ya simu. Napenda tu kupima vitu. Nikachukua likizo ya wiki mbili, daftari, simu mbili za Android na laini za kampuni tatu, nikapanda milima kuusaka mtandao. Jibu la "mnara uko mbali" lilikuwa kweli nusu. Ile nusu isiyo kweli ndiyo iliyotaka kutula fedha.

Vijiti havipimi kitu

Hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wa simu katika kuchora vijiti. Kila mmoja huamua mwenyewe kijiti cha nne kiwake wapi, ndiyo maana simu mbili zenye laini za kampuni moja, zikiwa juu ya meza moja, huweza kutofautiana. Zilizo nyuma ya vijiti ni namba. Kwenye simu nyingi za Android unazifikia kwa kupiga *#*#4636#*#*, na kwenye iPhone kwa *3001#12345#*. Mimi nilitumia programu mbili, NetMonster na CellMapper, kwa sababu zinaonyesha namba zikibadilika huku unatembea.

Namba mbili ndizo za kushika. Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -80 ni raha, -100 ni ya kuvumilia, -115 ni kubembeleza. Ya pili ni SINR, yaani mawimbi unayoyataka yamezidi kelele kwa kiasi gani. Fikiria mpiga debe stendi. RSRP ni ukubwa wa sauti yake. SINR ni kama unaisikia "Lushoto, Lushoto" katikati ya wapiga debe wengine kumi. Anaweza kupaza sauti mpaka koo likauka na bado usimsikie, kwa kuwa wenzake nao wanapaza.

Namba hizi hazipandi kama bei ya sukari. Kila hatua 3 nguvu huwa maradufu, na kila hatua 10 huwa mara kumi. Sebuleni kwa mama laini yetu ya siku zote ilisoma -112. Juu ya jiwe ilisoma -92. Tofauti ya 20 maana yake nguvu mara mia moja, na kutoka sebuleni hadi kwenye jiwe ni hatua arobaini. Kama shida ingekuwa umbali wa mnara peke yake, hatua arobaini zisingebadilisha kitu. Hapo nikajua kuna kinachokinga.

Kuujua mnara wako

Simu haikuambii mnara uko wapi, ila inakupa vidokezo. Kwanza ni namba ya nchi: Tanzania ni 640, Kenya ni 639. Aliye karibu na mpaka, Namanga au Holili, aikague namba hiyo kabla ya kitu chochote, kwani simu inaweza kuwa imenasa mnara wa ng'ambo na salio likaondoka kimyakimya. Pili ni namba ndefu ya seli. Katika 4G ukiigawa kwa 256, jibu zima ni namba ya kituo na baki ni uso wa mnara. Kwa mfano, 12845057 ni kituo namba 50176, uso namba 1. Mara nyingi mnara huwa na nyuso tatu, kila mmoja ukihudumia theluthi ya duara, kwa hiyo watu wa upande huu wa kilima na wa upande ule wanaweza kutumia chuma kimoja na wasigombanie mtandao mmoja.

Kidokezo cha tatu nilikipenda zaidi. Ili simu nyingi zisigongane, mnara huiambia kila simu itangulize ujumbe wake kwa kipande kidogo cha muda, kulingana na safari ya mawimbi. Katika 4G hatua moja ya muda huo ni takriban mita 78 za umbali. Si simu zote zinazoionyesha namba hii, lakini moja ya zangu iliionyesha: 71. Zidisha, unapata kama kilomita tano na nusu. Mawimbi yakigonga mwamba kabla ya kukufikia namba hiyo hurefuka, kwa hiyo niliichukulia kama kikomo: mnara hauzidi hapo sana.

Usiku nikasimama mlimani kutafuta taa nyekundu. Ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Kesho yake nikazifuata kwa bodaboda, simu mkononi, nikiandika RSRP kila baada ya kona mbili. Mnara uliokuwa ukitajwa na simu ya mama ulikuwa juu ya kilima upande wa magharibi, kama kilomita tano hivi. Kisha nikafungua Google Earth, nikachora mstari kutoka kwenye mnara hadi nyumbani, nikaomba mchoro wa miinuko. Mgongo wa mlima umekaa katikati kama ukuta. Ila pana pengo, pale kijito kinapokata mgongo huo, na mstari wa kutoka mnarani ukipita kwenye pengo unaangukia, ndiyo, kwenye jiwe la nyuma ya jiko. Wazee wetu walilipata bila setilaiti.

Programu ilinionyesha jambo jingine. Juu ya jiwe simu ilitumia masafa ya megahazi 1800. Sebuleni ilihamia 800. Mawimbi ya masafa ya chini ni marefu zaidi, yale ya 800 yanakaribia sentimita 37 na ya 1800 kama 17, na mawimbi marefu hupinda vizuri zaidi juu ya migongo ya milima na kupenya kuta. Lakini kwa kawaida kampuni huwa na nafasi finyu zaidi kwenye masafa ya chini. Ni kama njia ya miguu inayofika kila nyumba na barabara ya lami isiyofika zote. Sebuleni, chini ya bati na nyuma ya tofali za kuchoma, tulikuwa tunatumia njia ya miguu, na simu ilitupigia vijiti vinne kwa heshima zote.

Saa kumi alfajiri, saa mbili usiku

Kama ningeishia hapo ningeandika kwamba kosa ni la mlima na dawa ni kikuza mawimbi. Fundi mmoja alikuwa ameshatushauri hivyo, kwa laki kadhaa. Kilichotuokoa ni saa.

Nilipima kasi mara tatu kwa siku, saa kumi alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku. Kila awamu nilipima mara tatu na kuandika jibu la katikati, kwa kuwa kipimo kimoja kinaweza kuwa bahati au nuksi. Juu ya jiwe, laini yetu ilitoa megabiti 34 kwa sekunde alfajiri, 11 mchana, na 2 usiku. Nguvu ya mawimbi ilikuwa ileile nyakati zote, -92, ikiyumba kidogo tu. Sebuleni alfajiri ilikuwa 8, usiku haikufika 2.

Zisome tena. Alfajiri, kutoka sebuleni kwenda kwenye jiwe kasi inazidi mara nne: hapo mlima ndio unaokwaza. Usiku, jiwe na sebule ni kitu kimoja. Mawimbi yana nguvu mara mia na bado hujapata kitu, kwa sababu mnara haushindwi kukusikia, umeelemewa na wateja. Uso mmoja wa mnara wa 4G wenye upana wa megahazi 20 na antena mbili hutoa, kwa hesabu za kitabuni, kama megabiti 150 kwa sekunde. Hizo si zako. Ni za kila aliye chini ya uso ule, na saa mbili usiku bonde zima liko kitandani likitazama video. Wakati mwingine foleni haiko hewani hata kidogo, iko kwenye kiungo kinachotoka mnarani kwenda mjini. Mtumiaji huipata dalili moja tu, na dawa iko kwa kampuni.

Nikarudia yote kwa laini nyingine mbili. Ya tatu haikuwa na 4G bondeni. Ya pili ndiyo iliyonishangaza. Mawimbi yake, yanayotoka mnara wa mashariki, yalikuwa dhaifu, -101 juu ya jiwe, na kijijini huitwa laini mbovu. Alfajiri ilitoa 15. Usiku ilitoa 11. Kwa kuwa ilisemwa vibaya, haikuwa na watu.

Mitego ya kipimo

Anayetaka kujaribu ajihadhari na mambo matatu. La kwanza ni bando. Programu ya kupima kasi hupakua kwa nguvu zote kwa sekunde kadhaa. Kwa kasi ya megabiti 34, sekunde kumi zinameza megabaiti zaidi ya 40. Vipimo tisa kwa siku kwa wiki mbili ni bando la mtu la mwezi. La pili ni vipimo vyenyewe: megabiti nane ndizo megabaiti moja, kwa hiyo anayelalamika kwamba "34" yake inapakua megabaiti nne tu kwa sekunde hajaibiwa.

La tatu ndilo kubwa. Programu huchagua seva iliyo karibu, aghalabu Dar es Salaam, wakati mwingine ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. Basi unapima barabara mpaka Dar, wakati somo lako liko Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo kipimo cha hadi Dar kinaweza kukuonyesha namba nzuri kabisa huku kurasa za ng'ambo zikigoma. Pima mara moja kwa seva ya karibu, mara moja kwa seva ya mbali unayochagua mwenyewe, ulinganishe.

Kila ugonjwa na dawa yake

Daftari lilipojaa, mambo yakawa matatu. Alfajiri mbovu na usiku mbovu, huku RSRP iko chini: njia imezibwa, tafuta mwinuko au antena. Alfajiri nzuri, usiku mbovu: msongamano, hakuna antena itakayokusaidia, badili laini au badili saa. RSRP nzuri lakini SINR ya chini hata alfajiri: minara inapigiana kelele, jaribu kuupa mgongo mnara mmoja kwa kuhamia upande wa pili wa nyumba.

Kikuza mawimbi cha laki kadhaa kingeikuza laini ya kwanza. Tungepata vijiti vyote na kasi ya 2 ile ile saa mbili usiku. Tena kikifungwa ovyo huupigia mnara kelele na kuwaharibia majirani. Badala yake tulinunua rauta yenye matundu ya antena za nje, tukaweka laini ya pili, na kufunga antena ya kuelekeza juu ya nguzo ya mkaratusi upande wa mashariki. Rauta tuliiweka darini, karibu kabisa na antena, kwani kila mita ya waya hula sehemu ya kilichokusanywa. RSRP ilisoma -94. Kasi ya saa mbili usiku ilipanda hadi 13.

Ramani za kampuni hazikunisaidia, na sizilaumu. Nyingi huchorwa kwa hesabu za kompyuta, na hesabu hizo haziioni sebule ya mama. Hata juhudi za serikali zina kipimo chake: mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini na kampuni za simu mikataba ya minara 758 vijijini, mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Mnara ukisimama, kata inahesabiwa imefikiwa. Hatua arobaini za mwisho unazipima mwenyewe.

Nilipoondoka, mama aliwaeleza majirani kuhusu ile laini mbovu. Akasema, "Mwanangu kaipima usiku na mchana." Miezi mitatu baadaye nilirudi na simu yangu, nikapima saa mbili usiku chini ya antena ileile, RSRP ileile -94. Kasi ilikuwa 7. Nusu ya kitongoji ilikuwa imehama nasi. Nikatoka nje na daftari, nikapanda jiwe, nikaweka laini ya kwanza. Ilitoa 6, na jiwe lilikuwa tupu.