Umeme Umerudi, Mizani Haiwaki: Kuchagua Chipu ya Chaja

Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kilo ya korosho ni pesa. Mzigo hupimwa kwenye chama cha msingi, huingia ghalani, kisha huuzwa kwa mnada wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mizani ikizimika katikati ya foleni, mkulima aliyetoka mbali na magunia yake hujikuta karibu zaidi na mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua nje ya mfumo rasmi. Ndiyo maana betri ndani ya mizani ya kidijitali si pambo, na chipu inayoichaji yastahili kutazamwa kwa makini.

Mizani nyingi za aina hii huja na betri ya risasi ya volti 6. Ikifa, fundi hushawishika kuweka seli moja ya lithiamu, kipandisha volti, na kile kibao kidogo cha TP4056 ambacho kila fundi simu anakijua. Ni chipu nzuri: bei yake ni ndogo, ina miguu minane inayolehemeka kwa pasi ya kawaida, na kwa resista ya kiloomu 1.2 huchaji kwa ampea 1. Lakini ilibuniwa kuchaji betri iliyopumzika. Mizani haipumziki, inafanya kazi huku ikichajiwa.

Tuchukue mizani inayotumia wati 0.55, yaani takriban miliampea 150 kutoka kwenye seli ya volti 3.7. TP4056 hutambua kwamba betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya ule uliopangwa, yaani miliampea 100. Mizani imeungwa papo hapo kwenye betri, hivyo mkondo haushuki hadi 100. Chipu huendelea kushikilia volti 4.2 mchana kutwa, na seli ya lithiamu inayokaa imejaa hivyo kwenye joto huchakaa upesi.

Kosa la pili ni baya zaidi. Umeme umekatika muda mrefu, betri imeshuka chini ya volti 2.9. Umeme ukirudi, TP4056, kwa usalama wa seli, huanza na mkondo mdogo wa miliampea 130 hivi. Kipandisha volti nacho, kadiri betri inavyoshuka, ndivyo kinavyonyonya zaidi: wati zile zile 0.55 kwa volti 2.9 ni miliampea 190. Kinachoingia ni 130, kinachotoka ni 190. Umeme upo ukutani, taa ya chaja inawaka, na mizani haiamki. Fundi atabadilisha betri, kisha kipandisha volti, na tatizo litabaki pale pale, kwa sababu halikuwa kwenye betri wala kwenye kipandisha.

Dawa ni chipu yenye njia mbili, inayolisha kifaa moja kwa moja kutoka kwenye umeme unaoingia na kuichaji betri kando. MCP73871 ya Microchip hufanya hivyo, na bq24074 ya Texas Instruments pia. Umeme ukiwepo, bq24074 hukipa kifaa volti 4.4 hata kama betri imekauka kabisa. Mizani huchukua chake, betri hupata chake, na chipu hupima mkondo wa betri peke yake, hivyo inajua lini imeshiba. Umeme ukikatika, betri hushika kazi bila mizani kujizima.

Kati ya hizo mbili ningechukua bq24074, kwa sababu ya mazingira. Siku moja mtu atachomeka paneli ya sola ya volti 12, ambayo juani bila mzigo hufika volti 21 au 22. Kikomo cha TP4056 ni volti 8, na MCP73871 nayo haistahimili volti hizo: zote mbili zitaungua. bq24074 huvumilia hadi 28: hujifunga, ikasubiri volti zishuke.

Ina ugumu wake. Haina miguu, ni kipande cha milimita 3 kwa 3 kinachotaka bloa na mkono mtulivu. Tena, kama TP4056, hugeuza volti za ziada kuwa joto: kutoka volti 5 kwenda betri ya 3.0 kwa ampea 1 ni wati 2, ndani ya boksi lililofungwa, chini ya bati, mwezi Novemba. Kwa hiyo punguza mkondo. Resista ya kiloomu 1.8 hutoa karibu nusu ampea. Seli ya miliampea-saa 2600 itajaa kwa takriban saa 6 na kuibeba mizani zaidi ya saa 15, na siku ya kupima haihitaji zaidi ya hapo. Kihisi joto cha kiloomu 10 kibandikwe kwenye seli yenyewe. Kwenye vibao vya kawaida vya TP4056 mguu wa kihisi umeunganishwa na hasi, kwa hiyo chipu haijui kama betri inachemka.

Fundi, kabla hujafunga boksi, fanya jaribio moja. Acha mizani ikiwa imewashwa mpaka imalize betri yote na kuzimika. Kisha chomeka waya wa umeme bila kugusa swichi. Namba zisipotokea papo hapo, usiirudishe kwa chama cha msingi.