"Plaiwudi ya Mvule": Istilahi Inayoficha Kilichomo

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Wete na Chake Chake neno plaiwudi limekwisha kukaa, wala hatuoni sababu ya kuling'oa. Limeyafuata matamshi yetu, na kila seremala analielewa. Tatizo liko katika maneno yanayoliandama. Mnunuzi huambiwa "plaiwudi ya mvule", akalipa akiamini amepata mvule, kumbe mvule ni ule wa usoni tu, ambao mara nyingi unene wake haufiki milimita 1. Tabaka za ndani ni za mti mwingine kabisa. Muuzaji hakusema uongo. Lugha ndiyo iliyomwachia mwanya.

Mbaya zaidi ni "mbao ngumu", tafsiri sisisi ya Kiingereza. Wataalamu wa misitu hawapimi ugumu hapa. Wanatenga miti ya majani mapana na jamii ya misonobari. Kwa kigezo hicho msufi, ambao ubao wake ni laini mno, huwekwa fungu moja na mvule wa Ngezi. Seremala wa Kipemba akicheka, ana haki. "Mbao za miti ya majani mapana" ni refu, lakini halipotoshi.

Na huo mvule wa usoni tuuiteje? Wapo wanaosema utando, na wapo wanaosema ngozi. Utando hujitanda wenyewe, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Ngozi huota na kiumbe. Hiki hukatwa kwa kisu kutoka katika gogo. Sisi twaona ubamba ndilo neno lifaalo: lipo tangu zamani kwa kipande chembamba cha madini au cha ubao, tena li jirani na kitenzi kubambua. Fundi aliyeona kabati likibambuka wakati wa masika, kwa sababu gundi haikustahimili maji, hatahitaji kuelezwa.

Lakini ubamba peke yake hautoshi, kwani sura yake hutegemea ulivyopatikana. Gogo likizungushwa mbele ya kisu, ubamba hutoka kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika: mpana, nyuzi zake zikitawanyika kama mawimbi. Gogo likipasuliwa kwanza, kisha likakatwa vipande vyembamba, huonekana michoro iliyochongoka kama vilele, au mistari iliyonyooka ikiwa kisu kimeelekezwa kwenye kiini. Basi tuwe na ubamba wa kumenya na ubamba wa kukata. Bila tofauti hiyo, fundi atakayeagiza mapande ya milango miwili ya kabati moja asishangae yasipofanana.

Kwa matumizi hatuna ugomvi. Tabaka 3, 5 au 7, nyuzi zikipishana, huzuia ubao usipinde. Zafaa kwa makabati, dari na milango ya ndani. Kwa mlango wa nakshi hazifai, kwa maana patasi hupenya ubamba kwa pigo la kwanza. Hapo hutakiwa ubao mzima wa mvule, msaji au mfenesi.

Msitu wa Ngezi umehifadhiwa tangu 1959, na mvule haukatwi ovyo. Kuutandaza mti mmoja juu ya mapande mengi ni jambo jema. Ila risiti iandikwe "plaiwudi yenye ubamba wa mvule", na neno "ubao" liachiwe ule ulio mvule hadi ndani.