Randy Weston na Lugha ya Uhuru

Mwezi wa Novemba 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla Tanganyika haijajitawala, sauti ya Mtanganyika ilisikika katika chumba cha kurekodia muziki mjini New York. Msemaji alikuwa Tuntemeke Sanga, na maneno aliyoyatamka kwa Kiswahili yalitokana na shairi la Langston Hughes, malenga mashuhuri wa Wamarekani Weusi. Aliyewakutanisha wawili hao ni Randy Weston, mpiga piano na mtunzi wa muziki wa jazi. Utungo huo aliuita "Uhuru Afrika".

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, mfuasi wa mafundisho ya Marcus Garvey, alimlea akimfahamisha kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Katika piano alijifunza mengi kwa Thelonious Monk, fundi wa kuacha nafasi kati ya sauti na sauti. Tungo kama "Hi-Fly" na "Little Niles" zilimpatia sifa katika miaka ya 1950.

"Uhuru Afrika" ina sehemu nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Melba Liston alizipanga sauti za bendi kubwa, na miongoni mwa wapiga ngoma alikuwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria. Mwalimu wa sarufi atauliza: katika jina la utungo, "wa" imekwenda wapi? Hoja hiyo ni ya haki. Tena, sehemu ya pili huimbwa kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili kimefungua mlango kisha kikaachwa kizingitini.

Hata hivyo, kasoro hizo haziufikii moyo wa kazi yenyewe. Weston hakukiokota Kiswahili kama shanga ya kupambia. Aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingefaa kulisemea bara zima, naye akakubali jibu lao. Akaiweka lugha hiyo mwanzoni, kabla ya piano yake mwenyewe kutamba. Na pale maneno yanapokoma, ngoma huyapokea. Hazifuati bendi, bali huiongoza. Hiyo ndiyo heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Makaburu waliielewa maana yake vizuri: mwaka 1964 sahani hiyo ilipigwa marufuku Afrika Kusini. Weston naye hakuishia kuiimba Afrika kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Morocco, akaishi Tangier, akajifunza kwa Wagnawa, ambao wengi wao ni wazawa wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Aliendelea kuupiga muziki wa aina hiyo hadi alipofariki tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na umri wa miaka 92.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Huyu aliyenyang'anywa asili yake aliitafuta kwa jasho. Mwalimu na awape wanafunzi wake nafasi ya kuisikiliza "Uhuru Kwanza", kisha awaulize swali moja: ikiwa mtu wa Brooklyn alikiona Kiswahili kuwa lugha ya kutangazia uhuru, sisi tuliozaliwa nacho twakitumia kutangazia nini?