Mwaka wa Kifo Usiojulikana: Uhakiki wa Muda wa Hakimiliki katika Tungo za Kihaya Zisizochapishwa

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kanuni hii inachukulia kwamba mwaka wa kifo unajulikana. Kwa miswada ya Hans Cory, aliyeandika pamoja na Hartnoll kuhusu sheria za mila za Wahaya (1945), hesabu ni rahisi kwa kuwa alifariki mwaka 1962.

Ugumu hujitokeza katika tendi za enanga, alizozichunguza Mulokozi (1986). Kisa cha Mugasha au Rukiza ni urithi wa jamii, lakini manju huumba maneno yake papo kwa papo. Manju wa Ihangiro, ambayo leo imo Muleba, akirekodiwa kwa jina lake bila mwaka wa kifo chake kuandikwa popote, mtafiti hana pa kuanzia hesabu. Haki haidaiwi wala haithibitiki kuwa imekoma, na kanda inazidi kuchakaa. Uingereza ilifika mbali zaidi: chini ya sheria yake ya 1988, maandishi mengi ya kale yasiyochapishwa yanalindwa hadi mwisho wa 2039, hata kama waandishi walifariki karne nyingi zilizopita.

Hata hivyo, hoja ya kufupisha muda pekee ina kasoro mbili. Kwanza, Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ni mwanachama, hauruhusu muda wa jumla kupungua chini ya miaka 50 baada ya kifo. Pili, haki ya manju ikikoma, anayenufaika kwanza ni mwenye kanda, ambaye huenda yuko mbali na Kagera, wala si wajukuu wa manju huko Muleba.

Hivyo basi, marekebisho yanayofaa ni kuruhusu matumizi bila kufuta haki. Miaka 50 baada ya kuandikwa au kurekodiwa, kazi ambayo mwaka wa kifo cha mtunzi wake haujulikani inakiliwe na kutumika katika utafiti, baada ya tangazo kutolewa katika kijiji chake. Warithi watakaojitokeza wabaki na haki ya kudai malipo ya matumizi ya kibiashara, na nakala moja iwekwe katika maktaba ya mkoa mjini Bukoba. Bila masharti hayo, tungo zitawafikia watafiti kabla ya kuwafikia wenyewe.